Avokado ya Ulaya inasafiri na AC, ya Kawangware inapikwa na jua

"Ya leo ama ya kesho?"

Hilo ndilo swali la kwanza ukisimama kwenye kibanda cha avokado popote Nairobi. Mama mboga anabonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, anatulia kidogo kama daktari, kisha anakuchagulia. Na huwa hakosei. Akikuambia ni ya kesho, kesho jioni utaipasua juu ya githeri na itakuwa imeiva fiti, si mawe wala si maji.

Lakini kuna jibu moja ambalo hawezi kukupa: ya wiki ijayo. Hiyo hana. Na bado, avokado iliyochumwa kwenye shamba lile lile la Murang'a, mti ule ule, asubuhi ile ile, inaweza kuwa ya wiki ijayo, hata ya mwezi ujao, mradi tu mtu atakayeila anaishi Rotterdam.

Tofauti kati ya hizo avokado mbili ni baridi. Hoja yangu ni rahisi: Kenya inajua kutengeneza baridi, inajua kuilipia na inajua kuilinda usiku na mchana. Ni vile tu imeamua baridi ni ya mlaji wa ng'ambo. Mlaji wa Kibera na Kawangware ameachiwa jua, na hasara ya hilo jua inalipwa na wale wenye pesa kidogo kuliko wote kwenye biashara nzima ya chakula.

Ukiwa na muda, simama kando ya Southern Bypass upande wa Kibera uhesabu malori. Utaona makontena, mengi yao meupe, yakiwa na mashine inayonguruma upande wa mbele. Hayo ni friji. Yanatoka pande za Limuru, Naivasha na magharibi mwa nchi, yanaelekea Mombasa Road, kisha bandarini. Yanapita karibu na mabati yetu hadi ukiwa macho usiku unaweza kusikia mngurumo.

Msee akiangalia kwa nje anadhani ni friji kama ya nyumbani, ila kubwa. Iko zaidi ya hapo. Avokado haiivi ikiwa mtini. Inaanza kuiva baada ya kuchumwa, na ikianza inatoa gesi inayoitwa ethilini, ambayo inaziamsha na zile zingine. Ndiyo maana mathe wako akitaka avokado iive haraka anaifunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu. Alijua kemia kabla yako. Sasa kontena linafanya kinyume cha gazeti la mathe. Linashikilia nyuzi kama 5 au 6 za Selsiasi, na mara nyingi linashusha pia oksijeni kutoka ile asilimia 21 tunayopumua hadi karibu asilimia 4. Tunda linapumua polepole, linalala. Kontena moja la futi 40 linabeba zaidi ya katoni 5,000 za kilo nne nne, yaani tani 20 na ushee, zote zimelala.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba kontena lenyewe halijatengenezwa kupoza tunda lenye joto. Kazi yake ni kutunza baridi ambayo tunda limeingia nayo. Kwa hivyo kazi inaanza mapema. Avokado ikichumwa inakimbizwa kwenye kiwanda cha kupakia, inatolewa joto la shamba ndani ya saa chache, ndipo inaingia kontenani. Barabarani kontena linalishwa stima na jenereta ya lori. Likifika bandarini Mombasa linachomekwa kwenye plagi. Likipakiwa melini, plagi nyingine. Likibadilishiwa meli mahali kama Salalah kule Oman, plagi tena. Ulaya, plagi. Ndani kuna kifaa kidogo kinachorekodi joto safari nzima. Baridi ikikatika hata kwa muda mfupi, mnunuzi ataona ni siku gani na saa ngapi, na anaweza kukataa kulipa.

Hebu fikiria hiyo nidhamu. Kutoka Kenya hadi Uholanzi, wiki baada ya wiki, hakuna mtu anaruhusiwa kusema "stima ilipotea".

Na mambo yakiharibika njiani, watu hawalali. Mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli kwenye Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za meli ziliacha njia ya Suez zikazunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya avokado ikaongezeka kama wiki mbili. Ilikuwa habari ya ukurasa wa mbele kwenye biashara. Wauzaji, mawaziri, wenye meli, kila mtu akawa anaongea kuhusu ubora wa tunda likifika. Sawa, ilikuwa lazima. Lakini avokado ya Kawangware huharibika kila wiki bila Mhouthi yeyote, na sijawahi kuona kikao cha dharura.

Kumbuka pia hadithi ya China. Mwaka wa 2019 Kenya ilikubaliwa kuuza avokado huko, lakini kwa sharti: zimenywe, zigandishwe kwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Wauzaji wengi hawakuwa na mashine kama hizo, mlango ukabaki nusu wazi. Serikali ikarudi mezani ikajadiliana hadi Januari 2022, ndipo avokado mbichi zikaruhusiwa. Agosti mwaka huo, siku chache kabla ya uchaguzi, Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe akapeperusha bendera kuaga shehena ya kwanza.

Sina shida na hiyo bendera. Ila sijawahi kuona rais, gavana, ama hata MCA akipeperusha bendera kuaga Probox iliyojaa avokado za kuenda Kawangware.

Na ile Probox ndiyo inatulisha. Inatoka Murang'a usiku, ama inapakia Marikiti alfajiri, magunia juu ya magunia, ya chini yamebeba uzito wa ya juu. Safari ni kama kilomita 80 tu kutoka Murang'a. Tunda likifika sokoni limeshagongwa, limeshapata joto, na ethilini imeshaanza kazi. Kuanzia hapo saa inahesabu kwenda chini.

Tuhesabu pamoja. Tuchukulie mama mboga ananunua avokado 200 kwa bei ya bob 10 kila moja. Hiyo ni 2,000. Nauli na mbebaji, 300. Ametoa 2,300. Akiuza zote kwa mbao, anapata 4,000, faida 1,700. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Hesabu ya mtaa ni hii: siku mbili za kwanza anauza 120 kwa mbao, 2,400. Siku ya tatu zilizobaki zote zimeiva kwa mpigo, kwa hivyo anashusha bei, anauza 40 kwa bob 10, hiyo ni 400. Zingine 40 zinaenda kwa pipa ama kwa nguruwe wa mtu. Mkononi ana 2,800. Faida ni 500 kwa siku tatu za kukaa juani.

Hizo bei zinaweza kuwa juu au chini kulingana na msimu, lakini umbo la hesabu ndilo hilo. Sasa weka chumba baridi pale sokoni. Hata akilipishwa 200 kwa hizo siku tatu, akiuza mzigo wote anabaki na 1,500. Ametoka 500 akaenda 1,500, na hajaongeza mteja hata mmoja, hajakopa, hajahudhuria semina ya ujasiriamali. Amepewa tu kile ambacho avokado ya Rotterdam inapewa bila kuomba.

Nimekula na kuvaa pesa ya mboga tangu nikiwa mdogo, na naweza kukuambia hiyo 1,000 ni nini kwenye nyumba ya single room. Ni gesi imejazwa. Ni mtoto hajarudishwa nyumbani juu ya pesa ya mtihani. Watu wanaongea kuhusu mama mboga kila uchaguzi kana kwamba ni malkia wa nchi. Malkia hana hata friji.

Avokado ni mwanzo tu. Nenda kwenye samaki ndiyo uone vile baridi inachagua watu.

Kibera kila mtu anajua mgongo wazi. Kama hujui, ni mifupa ya mbuta: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na vinyama vilivyong'ang'ania katikati. Nyama yenyewe imekatwa viwandani kwenye Ziwa Victoria, ikapozwa ama ikagandishwa, ikaenda zake, sehemu kwa ndege, sehemu kwa meli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilifunga mlango zaidi ya mara moja kwa sababu ya usafi, na viwanda vikalazimika kujipanga: barafu, maabara, ukaguzi, vyumba vya baridi. Vilijipanga kwa sababu mnunuzi alikataa. Sisi tulipata kilichobaki, kikaangwe kwenye mafuta hadi kikauke, kwa sababu kukaanga ndiyo friji ya maskini. Na tuseme ukweli, mgongo wazi na ugali moto ni tamu. Lakini tamu haiondoi swali: kwa nini baridi ilichukua nyama ikatuachia mifupa?

Halafu kuna upande wa pili wa meli, kwa sababu makontena ya friji hayarudi matupu yote. Mengine yanaingia Mombasa na tilapia kutoka China, iliyogandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri ama zaidi. Mwaka wa 2018 serikali ilitangaza kuipiga marufuku ili kuwalinda wavuvi wetu, lakini marufuku hayo hayakudumu. Watu wakabishana kuhusu plastiki na kemikali, video zikazunguka WhatsApp. Wachache waliuliza swali la maana: inawezekanaje samaki aliyevuka bahari nzima awe bei poa Gikomba kuliko wa Kisumu, kilomita 350 tu kutoka hapa? Sababu ziko kadhaa. Huko wanafuga kwa wingi, chakula cha samaki ni rahisi, na ziwa letu limechoka. Lakini mojawapo ni baridi. Yule wa China hakukosa baridi hata siku moja kutoka kiwandani hadi Nairobi. Wa kwetu alianza kuharibika ufuoni akingoja barafu ambayo mvuvi aliinunua kwa bei ya juu, ama hakuipata kabisa.

Na hapa ndipo inauma zaidi. Huyo huyo wa China akifika sokoni anatolewa kwenye katoni, anamwagwa juu ya meza, jua linampiga, nzi wanampigia hesabu. Wiki nzima za nyuzi 18 chini ya sifuri zinaishia kwa kipande cha gunia lililoloweshwa maji. Mnyororo wa baridi umevuka Bahari ya Hindi salama, ukakatika mita 20 za mwisho, mbele ya mlaji wa Kibera. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, sehemu zingine zote hazina maana. Ukiumwa na tumbo, tumbo halijali samaki alisafiri vizuri namna gani.

Hii si teknolojia ya juzi. Mwaka wa 1882 meli iliyoitwa Dunedin ilitoka New Zealand na nyama iliyogandishwa, ikafika London baada ya siku 98 nyama ikiwa bado safi. Ilikuwa meli ya matanga, na mashine yake ya baridi iliendeshwa kwa mvuke. Hiyo ni kabla ya reli kufika Nairobi, kabla ya Nairobi yenyewe kuwepo. Zaidi ya miaka 140 baadaye, nyama inatoka Dagoretti kwenda Kawangware, kilomita chache tu, ndani ya sanduku la bati nyuma ya bodaboda, bila baridi yoyote. Kisha inaning'inizwa dirishani hadi jioni.

Mahali baridi haipo, watu hutafuta njia za mkato. Mwaka wa 2019 uchunguzi wa runinga ulionyesha jinsi kemikali ilivyokuwa ikitumiwa kwenye baadhi ya supamaketi ili nyama ionekane freshi. Nchi ikashtuka wiki mbili, ikasahau. Kama watu wenye friji za kioo na jenereta walifikia hapo, unatarajia nini kwa mtu ambaye hana hata soketi?

Najua kuna msomaji ameshaanza kuandika maoni. Wacha nimjibu mapema.

La kwanza: "Nairobi ni baridi, hatuhitaji friji." Buda, Julai ni baridi, nakubali. Lakini kibanda cha mabati saa nane mchana mwezi wa pili si Julai. Na hata siku ya kawaida ya Nairobi iko mbali sana na zile nyuzi 5 ambazo avokado inahitaji ili ilale.

La pili: "Watu wa mtaa hawanunui vya kuweka, wananunua kadogo." Ni kweli kabisa, na hiyo ndiyo hoja yangu. Tunanunua nyanya mbili, kitunguu kimoja, sukuma ya mbao, kwa sababu tunalipwa kwa siku na nyumba zetu hazina friji. Maana yake ni kwamba kibanda cha mama mboga ndicho friji yetu. Yeye ndiye anatuwekea. Mtu wa Kileleshwa ameweka chakula cha wiki kwake, mtu wa Gatwekera amekiweka kwa mama mboga. Kwa hivyo baridi ikiwekwa sokoni, imewekwa kwenye friji ya mtaa mzima.

La tatu: "Acha wivu, avokado za nje zinaleta dola." Zilete. Mkulima wa Murang'a ana haki ya kuuzia yeyote anayelipa vizuri, na msee anayepakia makontena Mombasa ana watoto pia. Sitaki kontena hata moja lirudishwe. Ninachosema ni kwamba nchi ambayo imejifunza kulinda tunda kwa mwezi mzima baharini haiwezi kusema haijui kulilinda kwa siku tatu Kawangware.

Na hata kwenye ukaguzi kuna ubaguzi. Mara nyingi mwaka ukielekea kuisha, wakubwa wa kilimo cha matunda husimamisha avokado kuuzwa nje kwa meli, kwa sababu wakati huo nyingi hazijakomaa. Wanalinda jina la Kenya, na ni vizuri. Zile changa zinaenda wapi? Wewe unajua. Ni zile unanunua, unaweka kwa dirisha, siku ya tano zimekunjamana kama bibi wa miaka 90 na ndani ni raba. Mlaji wa Ulaya amelindwa na ofisi nzima. Wewe umelindwa na kidole gumba cha mama mboga.

La nne, na hili ndilo la maana: "Baridi ni ghali, mtaani stima ni ya sambaza." Haya, twende mtaani tuangalie.

Ingia duka lolote Kibera, kuanzia Makina hadi Laini Saba. Utaona nini kando ya mlango? Friji ya soda, rangi yake inang'aa, taa inawaka, nyingine zimefungiwa ndani ya chuma kama mahabusu. Kampuni za soda ziliamua zamani kwamba mtu wa Kibera atakunywa baridi, zikasambaza friji hadi kwenye vichochoro ambavyo ambulensi haiingii. Na mara nyingi friji hiyo haifai kuwekwa kitu kingine. Kwa hivyo tuna duka ambapo soda imelala kwa baridi na nje, hatua tatu, nyanya zinaoza.

Nenda kliniki. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 kutoka kiwandani ng'ambo hadi kwenye paja la mtoto. Zinafika Kibera. Zinafika Kawangware. Mnyororo wa baridi unatembea kwenye matope yale yale, kwa sababu mtu aliamua ni lazima ufike.

Angalia ATM ya maziwa. Miaka michache iliyopita ungeambia mtu kwamba Kawangware watu watanunua maziwa baridi ya mbao kutoka kwa mashine angekucheka. Leo ziko kila stage. Mtu anakuja na chupa yake, anapimiwa kadogo chake, anaenda. Baridi na kadogo zimekaa pamoja bila kugombana.

Kwa hivyo baridi iko mtaani. Imefuata soda, imefuata chanjo, imefuata maziwa. Haijafuata mboga, matunda na samaki kwa sababu mwenye mboga ni mmoja mmoja, hana kampuni nyuma yake, hana mtu wa kumpeperushia bendera. Shida si stima peke yake. Shida ni nani amehesabiwa.

Suluhisho lake si la kufikirika. Nigeria kuna kampuni inaitwa ColdHubs imeweka vyumba baridi vinavyotumia sola ndani ya masoko na kwenye mashamba. Mwenye nyanya haombwi kununua friji. Analeta kreti yake, analipa ada ndogo kwa kreti kwa siku, anachukua akitaka. Hapa kwetu SokoFresh imekuwa ikifanya kitu cha aina hiyo, lakini upande wa wakulima, vyumba baridi vya kukodi karibu na mashamba. Na tangu 2023 serikali kuu na kaunti zimekuwa zikijenga vituo vya kukusanya na kuongeza thamani ya mazao. Sawa, hongera. Lakini ona mtindo: baridi inajengwa pale mazao yanapotoka. Pale yanapoliwa na maskini, tunajengewa paa na choo, kisha utepe unakatwa.

Kaunti ya Nairobi inakusanya ushuru kutoka kwa hawa wauzaji. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, mwenye risiti anapita. Ni haki kuuliza ule ushuru unanunua nini. Mimi napendekeza ununue hivi: kila soko linalojengwa ama kukarabatiwa Nairobi liwe na chumba baridi kimoja, hata kiwe kidogo kama kontena la futi 20. Sola juu ya paa, stima ya kawaida ikiwa akiba. Malipo kwa kreti kwa siku, kupitia simu, bei ibandikwe mlangoni kwa maandishi makubwa. Na kiendeshwe na kamati ya wauzaji wenyewe, wasimamiwe na wakaguzi wa kweli, kwa sababu tunajuana: kikiachiwa kartel ya soko, baada ya miezi sita kitakuwa stoo ya bia ya mtu.

Na kabla ya chumba hicho kufika, kuna vitu vya bei nafuu. Babu zetu waliweka maji kwenye mtungi yakawa baridi bila waya wowote, kwa sababu maji yakifuka kwenye udongo yanaondoka na joto. Kanuni ile ile inatumika kwenye vibanda vya makaa vinavyoloweshwa maji, ambavyo wakulima kadhaa hapa Kenya wanavitumia kuhifadhia mboga na matunda. Havifikii nyuzi 5, lakini vinakuongezea siku, na kwa mama mboga siku moja ni pesa.

Sasa niongee na wasee wa rika langu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo sikuhubirii kutoka kwa mimbari ya digrii. Lakini naona tunapanga foleni kwa kazi ambazo hazipo, huku kazi hii imekaa wazi. Fundi wa friji haishiwi na kazi. Kila kontena lile la Southern Bypass lina fundi, kila plagi bandarini ina mtu, kila kiwanda cha samaki kina mtu wa kusimamia baridi. Hizo ni kozi za vyuo vya ufundi, hazihitaji alama A. Kikundi cha vijana kumi Kibera kikiwa na mtu mmoja anayejua kompresa, mwingine anayejua sola na wengine wanaojua soko, kinaweza kuendesha chumba baridi vizuri kuliko ofisi yoyote ya City Hall. Tumekuwa tukiambiwa tuombe pesa za vijana tufungue kinyozi na car wash. Mtaa una vinyozi wa kutosha. Mtaa hauna baridi.

Na kura zikikaribia, watakuja. Watanunua avokado kwenye kibanda mbele ya kamera, watalipa thao na kusema "bakisha chenji", watapigwa picha na mama mboga akicheka. Mkiwa hapo, muulizeni mheshimiwa swali moja tu, kwa upole: chumba baridi cha soko hili kinajengwa lini, na nani atashika ufunguo? Akisema atarudi na jibu, andikeni tarehe.